Goli la mpira wa kurusha

Jana alasiri nilichezesha mechi Likoni, jua kali, uwanja mchanga mtupu. Dakika za mwisho beki akarusha mpira mrefu, mshambuliaji yuko peke yake nyuma ya mabeki wote, akafunga. Nikapuliza filimbi: goli. Uwanja mzima ukalipuka, "Ameotea!"

Jamani, hajaotea. Kanuni ya 11 iko wazi: ukipokea mpira moja kwa moja kutoka mpira wa kurusha, goli kiki au kona, hakuna kuotea, hata ukisimama mlangoni kwa kipa.

Mzee mmoja akaingia hadi katikati ya uwanja. "Mwanangu, umekula ngapi?" Lile neno liliniuma. Posho yetu ni nauli ya matatu na maji ya kunywa, na tunakuja kwa sababu tunaupenda huu mchezo.

Aliyeniokoa ni nahodha wa timu iliyofungwa. Akaja mikono nyuma, "Refa, hebu nieleze." Nikamweleza. Akageuka akawatuliza watu wake mwenyewe, na yule mzee, nahodha akamshika mkono akamtoa nje. Kijana yule namheshimu sana.

Na bado kuna ile kanuni iliyoanza 2025: kipa akishika mpira zaidi ya sekunde 8, wapinzani wanapewa kona. Nikiinua mkono kuhesabu sekunde 5 za mwisho, wengi hawajui ninafanya nini.

Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya mechi, nitakaa na manahodha na makocha tuzipitie hizi mbili. Mzee wangu, nawe karibu.