Siku moja ya kuoka biskuti za Krismasi, Kirumba

Saa kumi na moja alfajiri. Natoa siagi kwenye friji kabla sijapiga mswaki. Nataka ilegee, isiyeyuke, na jua la Mwanza likishapiga kwenye mawe ya mlimani, siagi iliyoachwa mezani inageuka mafuta. Huwa naiweka kwenye ndoo yake yenye mfuniko wa kubana. Siagi hunyonya harufu, na friji za huku kwetu hazikosi sato.

Saa kumi na mbili. Iliki. Hapa siharakishwi na mtu. Napasua maganda, natoa mbegu: nyeusi zinazonata vidoleni ni za biskuti, za kijivu zilizokauka naziweka kando za chai. Natwanga pamoja na kiganja cha sukari, mbegu zisiruke nje ya kinu, na ile sukari inyonye mafuta yake yasiishie kwenye mti. Iliki ya paketi iliyokwisha sagwa sinunui, harufu inakuwa imeshaondoka. Kisha mdalasini, kungumanga ya kukwaruza, na karafuu kidogo mno. Karafuu ikizidi inafunika wenzake wote na kuacha ganzi ulimini.

Saa moja. Kilo moja ya siagi, nusu kilo ya sukari ya kusaga, kilo moja na nusu ya unga, karibu wote wa ngano, chumvi kidogo. Siagi na sukari nazipiga mpaka ziwe nyeupe. Unga ukishaingia, mkono unatulia, maana hizi si chapati: unga wa ngano ukikandwa sana unavutika, na biskuti inatoka ngumu. Watu wa pwani wanaopika vileja kwa unga wa mchele na samli hawana shida hiyo, mchele hauvutiki. Ndiyo maana sehemu ndogo ya unga wangu siku hizi ni wa mchele.

Saa mbili. Donge linalala kwenye friji. Mdogo wangu anakata karatasi za trei.

Saa tatu. Oveni ya gesi, nyuzi 170, dakika kumi na mbili hivi. Biskuti za siagi hutoka laini na kukaza zikipoa. Ukizirudisha ndani kwa wasiwasi, zinaungua chini.

Saa nne umeme ukakatika. Oveni haikujali, ila donge lililobaki lingelegea na biskuti ninazokata umbo la maua zingekosa kingo. Mdogo wangu akakimbia mwaloni kwa wauza samaki, akarudi na barafu. Tukaivunja kwenye beseni, tukazamisha ndoo ya donge ikiwa imefungwa vizuri, tukaendelea kukata.

Saa saba na nusu akafika mteja wangu, mama wa Nansio kisiwani Ukerewe, anawahi meli. Akanisalimia kwa Kisukuma:

"Mwadila, mayu. Zipo tayari?"

"Mwadila. Zipo, zimepoa, zimefungwa."

Akaonja moja palepale, akafumba macho. Kisha akauliza kama za mwaka mpya naweza kutumia majarini, bei ishuke. Nikamwambia hapana. Siagi huyeyuka kwa joto la mdomo, ndipo iliki inapofunguka. Majarini nyingi huacha utando kwenye kaakaa. Bei ikimlemea nampunguzia idadi, ladha siigusi. Akahesabu noti zake, akasema basi, boksi mbili badala ya tatu, na moja niiongezee iliki.