Mkate umeondoka, koo limebaki

Kabla mtoto wa kaka yangu hajaja Bukavu likizo, wifi alinitumia kwenye WhatsApp orodha ya vyakula vya kumkataza. Ngano na shayiri nilizielewa, maana kule Liège, Ubelgiji, walishamkuta na seliaki. Maziwa ndiyo yaliyonishinda. Seliaki ina ugomvi gani na maziwa?

Haina. Yale ni ya ugonjwa wa pili, esofajitisi ya eosinofili, ambao uko kwenye umio, ile njia ya chakula kutoka koo hadi tumboni.

Mtoto mwenye seliaki akila gluteni, protini iliyomo kwenye ngano na shayiri, kinga ya mwili hugeuka ikashambulia utumbo wake mdogo, vinyweleo vya kufyonza chakula vikalala. Walimwachisha mkate, tumbo likatulia, akanenepa. Lakini nyama iliendelea kumkwama kifuani, mara nyingine anaitapika. Waliporudia endoskopi, yaani kumwingiza kamera ndogo kupitia koo, safari hii daktari alikata vipande vidogo vya umio pia, na humo wakakuta eosinofili. Hizo ni chembe nyeupe za damu zinazohusika na mzio, na kwenye umio wenye afya hazina kazi. Zikifika 15 katika eneo moja la darubini, na mtoto ana dalili, daktari anaanza kuutaja ugonjwa huo wa pili. Maziwa na ngano ndivyo vinavyouchochea zaidi, kisha mayai na soya.

Kaka anaamini seliaki ndiyo iliyozaa hili la pili. Tafiti zenyewe hazipatani: kuna zilizokuta magonjwa haya yakifuatana kwa watoto kuliko bahati tu, na kuna zilizoona uhusiano mdogo au hakuna. Mimi siko upande wa kaka. Mkate uliondoka, umio haukupona. Hadi leo anatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo.

Mezani ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Nyama ya mbuzi aliikata vipande kama punje za mahindi, akatafuna hadi sisi tukanawa mikono, na kila tonge analisindikiza na maji. Bibi yake akasema ana adabu ya Kizungu. Adabu gani! Alikuwa anaogopa kukwamwa.

Bugali wa muhogo na sambaza, visamaki vya Ziwa Kivu, havikutupa shida; unga niliusagisha Kadutu kwenye mashine isiyogusa ngano, sambaza nikazikaanga kavu. Maltina, ambayo kila mgeni alimletea mtoto kwa upendo, niliificha, kwa sababu ni shayiri. Kilichonitega ni uji wa masoso, yaani unga wa mahindi, mtama na soya. Mahindi na mtama ni salama kwa tumbo lake, ila soya iliyomo inaweza kumsumbua umio. Wifi akapiga simu usiku huohuo: "Dada, soya bado!" Basi nikampikia uji wa mtama mtupu.

Mwezi wa tisa watamwangalia tena kwa kamera. Umio ukiwa umetulia, watamrudishia chakula kimoja kwanza, wangoje, wapime, ndipo waguse kingine. Masoso yangu yatasubiri foleni nyuma ya maziwa.