Mukubwa, ni tundege tu

Leo nimerudi nyumbani na picha 214 za ndege wa ufukweni. Zinazofaa ni tatu, na kati ya hizo tatu moja ni ya mgongo. Mke wangu amezitazama huku akichambua mboga za lenga-lenga, akauliza lile swali lake la kila Jumamosi: "Huyu si ni yule wa juzi?" Nikamwambia hapana, huyu ni mwingine. Kusema kweli, wawili kati yao yawezekana kabisa ni yule wa juzi.

Ninyi msiofika Goma, mkisikia ufukwe msifikirie mchanga. Wetu ni mawe meusi yenye makali, yanayokula viatu. Nyiragongo, volkano yetu, ndiye aliyeyaleta, kwa zamu zake. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji ikaenda kutumbukia ziwani, ikaacha ulimi wa nchi mpya mahali ambapo jana yake palikuwa na maji. Ziwa Kivu halina kupwa wala kujaa, na kingo zake nyingi zinazama ghafla, kwa hiyo matope yale mapana wanayoyapenda ndege wa ufukweni hapa ni ya kutafuta. Ndiyo maana daftari langu la miaka mitatu lina aina nne tu, na mojawapo ilikuwa na alama ya kuuliza mpaka leo mchana.

Majina nayaandika kwa Kifaransa kwa sababu kitabu changu ni cha Kifaransa: chevalier guignette, chevalier sylvain, chevalier culblanc, na gravelot à triple collier. Huyo wa mwisho ni mkaaji wa Afrika, ana pete nyekundu kuzunguka jicho, na ukimhesabia mikufu myeusi kifuani utapata miwili, si mitatu. Mkufu wa tatu ni mweupe, umebanwa katikati. Nilipoteza jioni nzima nikidhani nimepata ndege mpya kabisa. Kiswahili cha pwani kina neno vitwitwi kwa tundege twa namna hii, na ukimsikia guignette akiondoka juu ya maji, twii-wii-wii, utaona aliyetoa jina alikuwa amekaa karibu.

Sikuanza kwa kupenda ndege. Nilinunua kamera ya mtumba, lensi ya milimita 300, kutoka kwa mpiga picha wa harusi aliyekuwa anabadilisha vyombo. Nia yangu ilikuwa machweo, kama kila mtu. Siku moja nilikuwa Kituku, hapa hapa ziwani, nasubiri mtumbwi wa mota kutoka kisiwa cha Idjwi, ukachelewa, nami nikapiga picha kitu pekee kilichokuwa kinatembea mbele yangu: kindege cha rangi ya udongo, tumbo jeupe, juu ya jiwe, kinatikisa mkia. Nikajua ni inyamanza. Bibi yangu alikuwa akimwita hivyo yule mweusi na mweupe anayezurura uani na kwenye mabati, ambaye hakuna mtoto aliyethubutu kumrushia jiwe mbele yake. Huyu hakuwa mweusi na mweupe, lakini nikamalizia mwenyewe: basi ni mtoto wa inyamanza, rangi bado haijaiva.

Nimeishi na kosa hilo miezi mingi. Aliyenitoa humo ni mama mmoja anayeanika sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, pale chini. (Sambaza nao ni wageni, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, ingawa leo ukimwambia mtu wa Goma hivyo atakuangalia vibaya.) Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera kwa majivuno. Hakuitazama hata sekunde mbili. Akanionyesha ndege mwenyewe kwa kidole chenye magamba ya samaki. "Papa, angalia muzuri. Inyamanza inatikisaka mukia. Huyu anatikisaka matako yote."

Na ndivyo ilivyo! Guignette hatikisi mkia peke yake. Nusu nzima ya nyuma inapanda na kushuka, hata akiwa amesimama tu, kama mtu aliyebanwa na haja kwenye foleni. Nilipofika nyumbani nikaikuza picha, nikaona na alama ya pili, ile ambayo kitabu kinaitilia mkazo: weupe wa tumbo unapanda mbele ya bawa hadi begani, kama ncha ya leso. Ilikuwepo kwenye picha zangu zote tangu mwanzo. Mama wa sambaza hana kitabu, lakini kila asubuhi ana saa nne za kukaa na huyo ndege akimwokotea nzi kando ya tandiko.

Kisha kuna shida ya lugha yenyewe. Mwaka wa kwanza mtu mmoja mwenye bunduki alinikuta nimechuchumaa kwenye mawe, lensi imetoka mbele kama bomba.

"Unapiga picha ya nini?"

"Ya ndege, mukubwa."

Nilijua nimejiharibia kabla sijafunga mdomo. Katika mji huu, kumwambia mtu wa bunduki kwamba unapiga picha za ndege!

"Ndege gani? Za kwenye uwanja?"

"Hapana, mukubwa. Tundege. Ni tundege tu, tudogo, twa kwenye maji."

Akachukua kamera akazipitia picha moja baada ya nyingine, zote. Siku hiyo nilikuwa na picha kama sitini za kitako cha guignette. Uso wake ulianza na hasira, ukaingia mashaka, ukaishia kwenye huruma. "Na hii inakulisha?" akauliza. Nikasema hapana. Akanirudishia kamera, akaomba ya sukari, nikampa. Tangu siku hiyo kitabu ndicho kinatangulia mkononi, kamera iko ndani ya mfuko wa unga, na lensi haielekei bandarini hata ndege awe wa dhahabu.

Kila mtu anayefundisha kupiga picha ndege wa ufukweni anasema ulale kifudifudi, lensi iwe sawa na jicho la ndege. Ni kweli, picha inabadilika kabisa: nyuma kunakuwa laini, ndege anaonekana mtu mzima. Lakini hapa kuna mazuku. Ile gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini haina rangi, ni nzito kuliko hewa, inatuama kwenye mabonde na mashimo ya lava, na hatari yake huzidi usiku na alfajiri kabla upepo haujaamka. Yaani saa ileile ambayo mwanga ni mzuri. Upande wa kwenda Sake niliwahi kukuta mbuzi amelala shimoni, hana jeraha hata moja, nzi wamelala pembeni yake. Sikuteremka kumgusa. Kwa hiyo mimi nalala juu ya mawe yaliyoinuka tu, upepo ukishaanza, na lazima mpwa wangu awe ameketi kando yangu ananiongelesha. Ana miaka kumi na moja na haachi kuongea, kazi hiyo inamfaa.

Mawe meusi yana ujanja wao mwingine. Kamera ikiona weusi mwingi inadhani kuna giza, inaongeza mwanga, na tumbo la ndege linaungua likawa kama karatasi. Zile alama za begani zinapotea hapohapo. Siku hizi nashusha mwanga hatua moja kabla hata sijalenga. Hilo nalo nimelijua baada ya picha mia tano za karatasi.

Basi leo. Guignette walikuwepo, ndiyo majira yao; wanazaliana huko Ulaya na Asia, kuanzia mwezi wa saba na wa nane wanaanza kutufikia, wengi wanaondoka karibu na mwezi wa nne. Ndege wa gramu hamsini hivi, uzito wa yai dogo la kuku, na asubuhi moja anaruka kwenda Gisenyi, ng'ambo ya mpaka wa Rwanda, na kurudi bila jeto, ile karatasi ya kuvukia. Wawili wakanipa picha zangu mbili nzuri.

Kisha kwenye kidimbwi nyuma ya mawe, peke yake, akasimama mwingine. Mweusi zaidi mgongoni, nukta ndogo sana, mstari mweupe ukiishia kwenye jicho. Nikashusha pumzi. Sylvain ana madoadoa mengi na nyusi ndefu inayopita jicho. Culblanc anakuwa kama huyu. Lakini kinachokata shauri ni chini ya mabawa: sylvain ni mweupe-mweupe, culblanc ni mweusi. Nikasubiri aruke. Akaruka, nikabonyeza, tatatata, picha kumi na tisa. Kiuno cheupe kinaonekana safi. Wote wawili wana kiuno cheupe.

"Mujomba, umeona chini ya bawa?" mpwa wangu akauliza.

Sikuwa nimeona. Jicho langu lilikuwa ndani ya kamera, na kamera ilikuwa mgongoni kwa ndege.

"Wewe umeona?"

"Nyeusi."

Nikamwuliza tena tukiwa njiani, kwa mtego: si ilikuwa nyeupe kidogo? Akasema nyeusi. Nikamwuliza mara ya tatu tukila, akakasirika, akaonyesha sehemu ya chini ya sufuria kwenye mbabula. "Kama hiyo."

Nimefuta alama ya kuuliza kwenye daftari. Baada ya nusu saa nimeirudisha, kwa kalamu ya risasi. Halafu nimeifuta tena na kuandika pembeni jina la aliyeona, ambalo si langu. Jumamosi ijayo kamera atashika yeye.