Guangzhou baada ya saa za soko

Wafanyabiashara wengi wa Kariakoo wanaokwenda Guangzhou, China, wanalijua jiji lile kwa mitaa miwili tu: Xiaobei wanakolala na Sanyuanli wanakonunua. Mimi hufuata mikoba, na maduka ya jumla ya ngozi kule Sanyuanli yakishafunga jioni, unabaki na saa kadhaa mkononi. Hoteli ya Xiaobei haina cha kukuzuia ndani isipokuwa televisheni usiyoielewa. Safari zangu za mwanzo nilikuwa nalala mapema. Sasa hivi, nikimaliza hesabu na wenye maduka, natoka.

Mambo yote yanaanzia kwenye simu. Alipay, programu ya malipo inayotumika kule, nimeipakua nikiwa bado Dar, nikaiunganisha na kadi yangu ya Visa, nikaijaribu siku ile ile niliyotua. Tangu 2023 wageni wanaruhusiwa kuweka kadi za nje, na malipo yasiyozidi yuani 200 hayana tozo. Ukivuka hapo unakatwa asilimia tatu. Kwa hiyo chakula, maji na usafiri nalipia simu, mzigo nalipa kwa njia nyingine. Noti bado zinapokelewa, ila muuza mishkaki wa usiku anaweza kukosa chenji, mkaanza kutazamana. WhatsApp na Google hazifunguki kwenye intaneti ya kule, basi mimi hununua eSIM ya wasafiri, yaani laini ya simu isiyo na kadi, kabla ya kuondoka, maana hiyo inazifungua. Na chaji ikikata usihangaike: karibu kila mgahawa una kisanduku cha pawabenki za kukodi, unaskani, unachukua, unaenda kuirudisha kwenye kisanduku kingine cha kampuni ile ile mjini.

Usafiri wangu mkuu ni treni ya chini ya ardhi. Nauli inaanzia yuani mbili. Ukitaka tiketi ya mashine unapewa kidude cha plastiki cha mviringo, unakigusisha kuingia na kukitumbukiza ukitoka, lakini mimi nimewasha msimbo wa usafiri ndani ya Alipay na sipangi foleni tena. Mkoba lazima upite kwenye mashine ya ukaguzi kila unapoingia kituoni. Kutoka Sanyuanli napanda laini namba 2, kituo kimoja tu hadi stesheni kuu ya reli, nahamia laini namba 5, kituo kinachofuata ni Xiaobei. Hiyo laini namba 5 ishike vizuri, maana ndiyo inayokupeleka mtoni bila kubadilisha. Laini namba 3 saa za kutoka kazini iepuke kama una njia nyingine. Kwenye kituo cha Tiyu Xilu watu wanasukumana kama Kimara wanapogombea mwendokasi wa asubuhi, tofauti ni kwamba wao wanasukumana kimya kimya.

Sasa chakula, na hapa ndipo wenzangu wengi wanapojinyima. Mimi ni Mwislamu, na kusini mwa China nguruwe yumo kila mahali, hata kwenye kitu kinachoitwa cha kamba, kwa sababu mafuta yake huchanganywa ndani. Jibu la wengi ni kula wali na kuku wa Xiaobei asubuhi hadi usiku. Si vibaya, Xiaobei kuna migahawa ya Waarabu, ya Waturuki na ya Waafrika. Ila pale pale kuna Waislamu wa China wenyewe, na kwao ndiko kwenye raha. Tafuta kibao chenye herufi 清真, yaani halali, mara nyingi cha kijani. Ndani utamkuta mtu ananyoosha donge la unga kwa mikono, analikunja, analinyoosha tena hadi ligeuke tambi, kisha zinatumbukizwa kwenye supu ya ng'ombe. Bakuli moja linakutosha hadi usiku. Wauighur, Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China, wao wanachoma mishkaki ya kondoo yenye bizari nyembamba na pilipili ya unga, na wana mkate mkubwa wa tanuri ambao mtu wa Pwani hahitaji kuelekezwa ale na nini.

Kuna mila moja ya Guangzhou ambayo sikutaka kuikosa: chai ya asubuhi na vitafunwa vidogo vya mvuke, watu wanakaa meza moja kwa muda wa saa mbili wakipiga soga. Nikaipata kwa halali kwenye mgahawa wa zamani uitwao Huimin, barabara ya Zhongshan 6, karibu na kituo cha Ximenkou. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wake mweupe wa kale, hauko mbali na hapo. Utaletewa chai na bakuli tupu, na utaona wenyeji wanasuuza vikombe na vijiti kwa chai ya kwanza kabla ya kula. Fanya hivyo hivyo. Mwenzako akikumiminia, gonga meza kidogo kwa vidole, ndiyo asante yao. Bakshishi haipo, ukiacha pesa mezani mhudumu atakukimbiza kukurudishia.

Ijumaa hupendelea msikiti wa Xianxian, penye kaburi ambalo Waislamu wa huko husema ni la Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ingawa wanahistoria wanasema alizikwa Madina. Shuka kituo cha Yuexiu Park. Baada ya sala, nje hujaa wauza nyama choma na matunda makavu, na utasikia Kiswahili mara moja au mbili kabla hujafika barabarani.

Usiku wenyewe mimi nashuka Zhujiang New Town, kituo cha sita kutoka Xiaobei. Unatokea kwenye uwanja wa Huacheng, maghorofa yamewaka pande zote, unatembea taratibu hadi ukingoni mwa mto. Ng'ambo unauona mnara wa Canton (jina la zamani la Guangzhou), mita 600, ukibadilisha rangi. Kupanda juu kuna gharama. Kuutazama ni bure, na naona ndiyo picha nzuri zaidi. Boti za matembezi ya usiku huondoka gati ya Tianzi. Natembea peke yangu, mwanamke, na sijawahi kubughudhiwa. Familia nzima ziko nje na watoto.

Baa zipo barabara ya Xingsheng, na Party Pier kando ya mto upande wa Pazhou, jirani na makumbusho ya bia ya Zhujiang. Wadogo zangu wanaosoma huko wanazisifu. Mimi nimeingia, nikanywa juisi ya bei ya chakula cha jioni, nikatoka.

Angalia saa. Treni nyingi huisha karibu saa tano usiku, kwa hiyo ukichelewa unaita Didi, teksi ya kuitwa kwa simu, kwa Alipay ile ile. Jina la hoteli yako liwe limeandikwa kwa Kichina kwenye simu, kwa kuwa dereva hatasoma herufi zetu. Na kama unapanga kwenda Aprili au Oktoba, weka chumba mapema sana: ndiyo miezi ya maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, na chumba kile kile cha Xiaobei hupanda bei hadi unajiuliza kama kimeongezwa dirisha.