Makonyo, mafuta ya makonyo na usiku wa fashfash

Paka wetu anaitwa Makonyo. Shangazi yangu alitushukia na boti kutoka Pemba, kapu mkononi, na ndani ya kapu, juu ya magimbi na limau, amelala kitoto cha paka cha rangi ya kahawia iliyoungua. Mwanangu akamtazama, akasema: "Huyu kama makonyo yaliyoanikwa." Aliyekulia nyumba ya karafuu anajua anachokisema: vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, vikikauka jamvini, rangi yake ndiyo hiyo. Jina likabaki.

Tunakaa Kikwajuni, Zanzibar mjini, majumba ya Mjerumani, ghorofa ya tatu. Kutoka hapa hadi viwanja vya Maisara ni mwendo mfupi wa miguu, na usiku wa kuamkia 12 Januari, saa 6 ikigonga, fashfash za Mapinduzi, zile fataki kubwa za angani, huturukia kama zimewashwa uani kwetu. Vioo vinatetemeka, vikombe kabatini vinagongana. Mie nazipenda tangu utoto, nilikuwa nabebwa mabegani kwenda kuzitazama. Sikuwahi kufikiri kwamba yuko mwenzetu humu ndani anayeona dunia inapasuka.

Mwaka wa kwanza wa Makonyo mjini, mshindo wa tatu tu ulimtosha. Akapanda pazia, akapita katikati ya nondo za dirisha, akatua kwenye ukingo, na tangu hapo hatukumwona siku tatu. Tulimkuta Miembeni, nyuma ya gunia la makaa, ukucha mmoja umeng'oka na sauti imemkauka. Mwanangu alilia mpaka akapata homa. Nikajiapiza kwamba mwakani nitajiandaa.

Na hapa ndipo nilipokosea, kwa sababu nilijiandaa kwa kitu nilichodhani nakijua zaidi ya watu wengi.

Nyumba yetu ni ya harufu. Mama yangu kila Alhamisi jioni huwasha chetezo akapitisha udi chumba kwa chumba. Asumini haikosekani kwenye mto wa kulalia, na langilangi na mrehani vikipatikana, navyo hutiwa. Kwetu sisi harufu nzuri ndiyo dawa ya kwanza ya kila kitu: mtoto anayegutuka usiku, mzazi aliyejifungua, nyumba iliyoingiwa na ugomvi. Kwa hiyo niliposoma kwenye simu kwamba mafuta ya lavenda, lile ua la Ulaya lenye harufu nzuri, hutuliza wanyama wakati wa fashfash, sikuuliza la pili. Neno lilipita kooni kama maji.

Nikaenda mjini, duka moja la viungo vya watalii, nikanunua kichupa cha lavenda na ile mashine ndogo unayotia maji na matone ya mafuta ikatoa mvuke. Bei yake sitaitaja, mama anaweza kusikia. Nyumbani nilikuwa na chupa nyengine mbili kutoka Pemba: mafuta ya mchaichai, ya mbu, na mafuta ya makonyo, ya jino na misuli. Haya ya makonyo tumekua nayo. Kule Wawi, Chake Chake, kuna kiwanda kinachoyakamua kwa mvuke, na ukipita njia ile siku kinafanya kazi, harufu inakufuata mpaka unafika mjini.

Nikasema nifanye majaribio 31 Disemba, kwa kuwa siku hizi mwaka mpya nao una mishindo yake, kisha Januari nitakuwa fundi. Saa 5 usiku nikamtia Makonyo chumbani kwangu, nikafunga madirisha na mlango. Kwenye mashine nikatia matone kumi ya lavenda, na matatu ya makonyo juu yake. Nilicheka peke yangu: mafuta ya somo yake yatamfaa. Nikatoka ukumbini kuangalia mbingu.

Baada ya kama saa moja nikaenda kumtazama. Alikuwa chini sakafuni, si uvunguni, si kabatini, katikati ya chumba tu kama kitu kilichoangushwa. Ute unamtoka mdomoni mpaka umemlowesha kifua. Alipotaka kuja kwangu miguu ya nyuma ikapishana kama ya mlevi. Na alikuwa anahema kwa mdomo, jambo ambalo paka halifanyi ila ana shida kubwa. Mie kwa ujinga wangu nikasema: maskini, khofu imemzidi. Nikaongeza tone jengine.

Aliyemwokoa ni mama. Alifungua mlango, akarudi nyuma hatua moja, akasema: "Humu ndani mbona panawasha macho?" Hakungoja jibu. Akamfunika Makonyo kwa khanga aliyojitanda, akatoka naye mpaka kwenye ngazi, penye upepo.

Nikampigia daktari wa mifugo. Ilikuwa saa 6 na nusu usiku wa mwaka mpya, na alipokea, Mungu amjaalie. Kwanza akauliza: "Umemtia nini?" Nikamtajia. Kimya. Kisha akasema nizime mashine, nifungue kila dirisha, na nimwoshe paka mwili mzima kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo. Nikamwambia sijampaka, nimemvukizia tu. Akanieleza kwamba ile mashine hurusha vitone vidogo visivyoonekana, vinatua kwenye manyoya, na paka kazi yake ni kujiramba. Kile kilichotua mgongoni baada ya dakika kumi kiko tumboni. Akaniuliza kama nimemnywesha kitu. Nilikuwa nimeshika kikombe cha maziwa, kwa kuwa sisi mtu akila sumu hukimbilia maziwa. "Weka chini," akasema. "Wala usimtapishe. Mwoshe, mkaushe, asipate baridi, kisha mlete."

Kumwosha paka anayetetemeka, beseni bafuni, fashfash zinaendelea nje, simpendelei hata adui yangu. Mikwaruzo ninayo mpaka leo.

Alilazwa siku moja akitiwa maji kwa sindano. Alirudi mkondefu lakini mzima, na siku ile ya kumchukua daktari aliniweka kitako akanisomesha. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa, mie mwalimu wa Kiswahili, si wa sayansi.

Ini la binadamu lina kimeng'enya kinachoshika vitu fulani vya sumu, kikavifunga, vikatoka na mkojo. Paka hicho anacho kidogo mno. Mababu zake walikula nyama tupu, hawakuwa na haja ya kupambana na sumu za majani na maganda, na kimeng'enya kikapotea njiani. Kwa hiyo kitu ambacho mimi nakitoa mwilini kwa saa chache, kwake kinakaa na kulundikana. Mafuta ya karafuu na ya makonyo sehemu yake kubwa ni eujenoli, ndiyo inayotia ganzi jino, na hiyo ni katika vitu ambavyo ini lake haliviwezi. Mdalasini, mkaratusi, mnanaa, mafuta ya maganda ya limau na machungwa, yote yamo kwenye orodha ya kumweka nayo mbali. Lavenda haifikii ukali wa makonyo, lakini nayo ina vyake, na chumba kilichofungwa hugeuza kidogo kuwa kingi. Na kwa sababu hiyo hiyo ya ini, akaniambia, parasetamo inaua paka. Kidonge kimoja tu cha mtu mzima kinatosha. Nilishtuka, kwa sababu jirani yangu wa mlango wa pili alishawahi kumpa paka wake "nusu tu, ana homa". Jioni ile ile nilimgongea mlango.

Siku ile nilimuuliza daktari pia kuhusu mbwa, maana rafiki yangu anayefanya kazi hoteli Paje anapaka lavenda kwenye kitambaa cha mbwa wao na anasema inasaidia. Akanijibu kwamba mbwa ni habari nyengine kidogo. Mwaka 2006 ulitoka utafiti wa Belfast wa mbwa 32 waliokuwa wakihangaika ndani ya gari, na waliponusishwa lavenda walilala na kukaa zaidi. Lakini gari si fashfash, na mbwa si paka. Hata kwa mbwa, akasema, tone liende kwenye kitambaa, lisiende mwilini, mlango uwe wazi ili mnyama akichoka na harufu aondoke. Hilo la mlango lilinichoma. Mie nilikuwa nimeufunga.

Zikabaki siku kama kumi kufika fashfash za Mapinduzi, na sina tena mafuta ya kutegemea.

Kilichonisaidia ni stoo. Tuna kijichumba kati ya jiko na bafu, hakina dirisha, mahali pa ndoo na mchele. Nikatoa vitu, nikatia katoni la tende nimelilaza ubavu, mdomo umeelekea ukutani. Ndani nikaweka khanga niliyolala nayo siku tatu bila kufua. Daktari alisema harufu ninayoitafuta madukani ninayo mwenyewe, jasho langu. Mama akacheka mpaka akakaa chini: "Umenunua lavenda ya fedha zote zile, kumbe alitaka khanga chafu!" Kila jioni nikawa namwekea dagaa mule katonini, kisha nakwenda zangu. Siku ya nne alianza kulala humo mwenyewe mchana.

Tatizo la pili lilikuwa joto. Januari ni kaskazi, stoo isiyo na dirisha ni tanuri. Nikagandisha chupa mbili za maji, nikazifunga taulo, nikaziweka kando ya katoni, na feni nikaiweka nje ya mlango ikivuma kuelekea ndani. Feni ikawa na kazi mbili, kwa sababu yetu ni kuukuu, inanguruma, na ngurumo ile inafunika mengine. Masikio ya paka yanashika mitetemo zaidi ya 60,000 kwa sekunde, sisi tunaishia 20,000 hivi. Sikutaka hata kukisia mshindo unaotutikisa sisi unafikaje kwake. Juu ya feni nikaongeza redio, taarabu ya taratibu.

Siku yenyewe, saa 11 jioni madirisha yote yakafungwa, ya ukumbini nikayatundikia blanketi kwa ajili ya miale. Magharibi akala akashiba. Nikamvalisha mkanda wa shingoni wenye namba ya simu yangu, nikaweka beseni la mchanga stoo, na mlango nikauacha wazi. Nikatandika mkeka mlangoni, nikakaa na madaftari ya skuli ya kusahihisha.

Saa 6 ukaja mshindo wa kwanza. Ndani ya katoni nikaona macho mawili, meusi matupu. Hakutoka. Wa pili, wa tatu, nikamsikia anatetemeka maana katoni lilikuwa linakwaruza ukuta. Daktari alikuwa amenikataza kumvuta, akitaka kuja atakuja. Basi nikaendelea kusahihisha kwa mkono usiotulia. Halafu umeme ukazimika.

Feni ikanyamaza, redio ikanyamaza, na nje ndiyo kwanza zimepamba moto. Sikujua la kufanya. Nikawasha tochi ya simu na kuanza kumsomea kwa sauti insha za kidato cha pili, "Siku Nisiyoisahau", moja baada ya nyengine, na makosa yake yote. Mmoja alikuwa ameandika kwamba babu yake alizama akarudi na samaki. Nilisoma kwa sauti ile ya darasani, nzito, isiyopanda wala kushuka. Katoni likaacha kukwaruza kwenye insha ya tatu. Sitaki kusema ni insha. Huenda fashfash zilikuwa zinamalizika. Lakini pua ilitokeza, ikagusa kidole changu cha mguu, ikarudi ndani.

Saa 7 na dakika 20 alitoka, akala dagaa waliobaki, akatumia mchanga wake, akaja akalala juu ya madaftari. Hakuwa na ute, hakuwa anayumba, na alikuwa ndani ya nyumba.

Hakuacha kuogopa. Sikukuu ya Idi, watoto walipoanza fataki zao pale chini, alikwenda moja kwa moja stoo kabla sijainuka. Sasa najaribu lile zoezi jengine: namchezea sauti ya fashfash kwenye simu, chini kabisa, huku anakula, na kila wiki napandisha kidogo. Daktari alinitajia pia vidonge vya kutuliza, vya kutolewa saa kama mbili kabla, kwa kipimo chake yeye na si cha mtu mwengine. Bado sijavihitaji.

Lavenda nilimpa rafiki yangu wa Paje. Mafuta ya makonyo ninayo, jino langu la nyuma haliyaachi, ila nikishayagusa nanawa mikono kwa sabuni kabla sijamshika paka. Udi wa mama haukukatazwa, nani angethubutu. Alhamisi akishika chetezo tunafungua mlango wa ngazini, na Makonyo huinuka mwenyewe, akashuka ghorofa moja, akakaa kwenye kipago kungoja moshi utoke dirishani.