Nilivyolipa deni la filamu yangu shule kwa shule

Mwaka 2013 nilikuwa nasoma Pune, India. Siku moja wenzangu wa hosteli wakanivuta sinema kuona The Lunchbox. Kule Maharashtra wimbo wa taifa hupigwa kabla ya filamu kuanza, basi na sisi wageni tukasimama. Tulipokaa, nembo zikaanza kufuatana kwenye skrini: kampuni ya Mumbai, shirika la serikali ya India, Wafaransa, Wajerumani. Wote hao kwa ajili ya hadithi ya mama wa nyumbani ambaye chakula anachompikia mumewe kinapotea njia na kufika mezani kwa mtu mwingine ofisini. Nilitoka pale nikitaka kumjua mtu aliyeweza kuwaketisha hao wote meza moja. Katika watayarishaji wake nikakuta jina la Guneet Monga.

Alizaliwa Delhi mwaka 1983, na hakutoka kwenye zile familia za sinema za Mumbai ambazo mtoto anarithi studio. Habari yake iliyonishika ni ya filamu yake ya kwanza, Say Salaam India, kuhusu watoto wanaocheza kriketi. Fedha alipewa na jirani yao. Ikatoka Machi 2007, wakati Kombe la Dunia la kriketi linachezwa kule Karibiani, na hesabu ilikuwa kwamba India nzima itakuwa na homa ya kriketi. India ikafungwa na Bangladesh, ikafungwa na Sri Lanka, ikatolewa hatua ya makundi. Nchi ikanuna. Nani angelipa kiingilio aangalie kriketi wiki ile? Binti wa miaka 23, deni la jirani shingoni, akaichukua filamu akaipeleka shuleni, kwa watoto wenyewe, shule baada ya shule, mpaka fedha ya jirani ikarudi.

Sikujua kwamba nitakuja kuihitaji habari hiyo.

Nilirudi Tanga, na mwaka 2018 nikatengeneza filamu ya dakika 35 kuhusu wavulana wawili na ngalawa ya babu yao. Shangazi alinikopesha shilingi milioni mbili na nusu, akiba ya biashara yake ya vitenge. Msambazaji mmoja akaichukua kwa ahadi. Miezi ikapita, simu zangu zikawa hazipokelewi. Kila nikienda kwa shangazi, "Shikamoo" yangu ilikuwa inatoka kwa shida. Yeye aliitikia marahaba, akanipakulia chakula, wala hakulitaja deni. Hilo ndilo lililokuwa likininyima usingizi.

Nikaamua kufanya alivyofanya yule dada wa Delhi. Kibali cha Bodi ya Filamu nilikuwa nacho tayari. Nikaenda kwa afisa elimu, kisha kwa walimu wakuu mmoja mmoja, kwa miguu. Mwalimu mkuu wa kwanza alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Sasa binti, umeme ukikatika?" Sikuwa na jibu. Wiki iliyofuata nikarudi na jenereta ya kukodi.

Kiingilio kilikuwa shilingi 500, mia moja inabaki shuleni. Projekta niliazima. Skrini ilikuwa shuka jeupe la kitanda cha sita kwa sita, na nilijifunza kulilowesha maji kidogo kabla ya kulitundika ili mikunjo iishe. Madirisha tuliyaziba kwa kanga na maboksi. Watoto wasio na hela niliwaingiza bure, na sijutii. Ndio waliokuwa wanashangilia kwa sauti kubwa zaidi ngalawa inapogeuza tanga.

Nikiondoa mafuta na nauli, shule moja iliniachia kama shilingi elfu themanini. Tanga mjini, Muheza, Pangani: shule 31, Februari hadi Oktoba 2019. Nilipochoka nilikuwa namkumbuka Monga. Alianzisha kampuni yake, Sikhya Entertainment, mwaka 2008, mwaka mmoja tu baada ya lile anguko. Alipokosa fedha za filamu yake nyingine, Peddlers, aliweka muswada Facebook akaomba watu wachangie, na mwaka 2012 filamu ikafika Cannes, tamasha kubwa la filamu kule Ufaransa. Baada ya Cannes bado haikupata njia ya kuingia kumbi za sinema India. Watu wengi wanaanza kumsimulia kwenye Oscar ya mwaka 2023, ya filamu yake fupi The Elephant Whisperers. Mimi namwanzia kule shuleni, kwa sababu ndiko nilikomwelewa. Prodyuza ni mtu wa kuishika filamu mkono mpaka imfikie mtazamaji, na kazi hiyo haianzi wala haiishi na kamera.

Jumapili moja ya Oktoba nilimpelekea shangazi fungu la mwisho. Nyingi zilikuwa sarafu za mia tano, nimezifunga kwenye leso. Alizihesabu polepole mkekani, akizipanga kumi kumi. Alipomaliza hakuniambia ahsante. Alinitazama.

"Mwanangu, watoto wa Tanga nzima wameiona hiyo ngalawa. Mimi je?"

Kweli, sikuwahi kumwonyesha. Jioni ile tulitundika shuka uani, kati ya mwembe na nguzo ya banda la kuku. Majirani wakaja na vigoda vyao. Shangazi akakaa mbele kabisa.