Kusoma Kiingereza barazani Ujiji: wiki ya sita

Wiki ya sita imeisha jana. Nilianza na wanafunzi wanne wa kidato cha kwanza, sasa wako saba, wote wa mitaa ya hapa Ujiji. Tunakaa barazani kwa shangazi baada ya alasiri: mkeka, simu yangu na kishikwambi nilichoazima kwa kaka.

Watoto hawa wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wengine nyumbani ni Kiha tupu. Wameingia sekondari wamekuta baiolojia, jiografia na hisabati zote kwa Kiingereza. Akili wanazo, lakini maelezo ya kitabuni hawayafikii.

Wiki mbili za kwanza nilikosea. StoryWeaver, maktaba ya mtandaoni kutoka India, imepanga hadithi zake kwa viwango, nami nikachagua cha nne eti kwa kuwa hawa ni wa sekondari. Wakawa wanakwama kila mstari. Binti mmoja alikutana na "knife" akaisoma "k-ni-fe", kila herufi na sauti yake, kama Kiswahili kilivyomzoesha. Haukuwa uvivu. Kiswahili kinasomwa kinavyoandikwa, Kiingereza hapana. Nikashuka hadi kiwango cha pili.

Hapo kijana mkubwa kuliko wenzake akagoma. Picha za kuku na mbuzi, akasema, ni za watoto wadogo. Sikumlazimisha, kwa sababu aibu ikiingia kusoma kunakufa. Nilimwomba tu aende na hadithi ile nyumbani amsomee mdogo wake wa darasa la tatu, kisha amweleze kwa Kiswahili. Jumatano alirudi kutaka nyingine. Mdogo wake hamwachi apumzike.

Kilichosaidia zaidi ni African Storybook, mradi wa Afrika Kusini wa hadithi za watoto. Hadithi nyingi humo zipo kwa Kiswahili na Kiingereza, bure, na unaweza kuzipakua. Tunasoma ya Kiswahili kwanza, tunaipigia soga, ndipo tunafungua ya Kiingereza. Wote walijua "well" ni vizuri. Lakini mtu akishajua kwamba mbuzi ametumbukia kisimani, akikuta "well" anasita, anaangalia picha, anacheka mwenyewe. Neno hilo hatalisahau.

Bando ndilo linalonibana. Napakua Ijumaa usiku hadithi za wiki nzima. Zile zenye sauti, ambapo maneno hubadilika rangi msomaji anapoyapitia, tunazifungua mara moja tu kwa wiki, nazo ndizo wanazozipenda kupita zote. Baada ya kusikiliza wanasoma pamoja na sauti, halafu naizima wanaendelea peke yao.

Tangu wiki ya kwanza nimekuwa nikiwarekodi dakika moja moja. Jana nilimsikilizisha yule binti sauti yake ya mwanzo. Akasikiliza kimya, akasema, "Dada, rudia." Nikarudia. Kisha akatoa begini kitabu chake cha baiolojia, akafungua kurasa za mwanzo bila kuombwa. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari. Alipofika kwenye "knowledge" kidole kikasimama. Nikanyamaza. Midomo ikajaribu bila sauti mara mbili, kisha akalitamka, na ile k ya mwanzo akaiacha.